Ukuta wa Kubomolewa, Heru Juu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyepata udhuru, Mheshimiwa Mwakilishi wake uliye njiani na bodaboda, wachungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, wakulima wa maharage na mihogo wa Heru Juu, ndugu zetu mliotembea kutoka Kagerankanda, itifaki imezingatiwa. Ninawahutubia kwa spika kutoka nyuma ya ukuta, hivyo mniwie radhi, siwaoni. Mwakeye, habari za asubuhi! (Watu, jua likiwa limeshainama, wanajibu kwa salamu ya jioni: Mwiriwe!)

Mimi, Mpawenimana, Mwenyekiti wa Kamati ya Matengenezo ya Ibada, kamati niliyoiunda na kuipongeza mwenyewe, nilihudhuria semina ya kujengewa uwezo. Huko tulifundishwa kwamba zamani, kule Ulaya, padri aliwapa watu mgongo, akanong'ona Kilatini nyuma ya kizuizi, kikombe akanywa peke yake, na kazi ya muumini ikawa kutazama. Hadi walipotokea watengenezaji wakaondoa kizuizi, wakaleta lugha ya nyumbani, wakawapa watu nyimbo na kikombe. (Makofi.) Nililia, ndugu zangu. Nikasema, na Heru Juu itengenezwe!

Basi tukafanya baseline, tukashirikisha stakeholders wote, yaani mimi na katibu, na tukagundua kwa masikitiko makubwa kwamba hapa hapakuwa na kizuizi. Mnaimba Kiha. Kikombe kinazunguka hadi kwa wagonjwa. Sasa jamani, usharika wa namna hiyo unatengenezwaje? (Mtu anacheka, anafinywa.)

Ndipo Kamati ikaja na ubunifu: kabla ya kubomoa, tujenge. Ukuta huu kati yenu na meza ya Bwana, wa matofali ya kuchoma, umekamilika kwa asilimia mia moja, na leo asilimia tisini na sita ya waumini hawaioni meza kabisa, mafanikio ambayo hayajapata kufikiwa Kasulu nzima. Kikombe, kwa kipindi hiki cha mpito, Kamati inakinywa kwa niaba yenu. (Miguno.)

(Mama Immakulata, mwanzilishi wa nyimbo, anasimama: "Mwenyekiti, mie macho yananiishia. Nilikuwa nasimama pale mezani, naanzisha wimbo, kikombe nakishika kwa mikono yangu. Sasa naimbia matofali! Nataka niione meza kabla macho hayajazima. Unabomoa lini?" Watu wanamuunga mkono: Ego! Ego! Ndiyo!)

Swali zuri sana, Mama, limepokelewa. Ubomoaji ni phase two, na phase two iko kwenye mchakato. Kwa sasa ungepunguza sauti, maana inaingiliana na spika. (Immakulata anatoka nje. Akina mama wote wanamfuata.) Nasikia akina mama wanatoka, bila shaka kutuandalia chakula. Huo ndio ushirikishwaji!

Nihitimishe. Matengenezo! (Wawili watatu: Oyee!) Ukuta! (Kimya.) Ukuta juu! (Kimya zaidi.) Nawashukuru kwa dhati kwa kutouliza mradi huu ulitoka wapi, maana haukutoka popote: phase two haipo, phase one haikuwepo, na semina yenyewe ilitupa soda na fulana tu. Tulicho nacho ni ukuta.

(Akina mama wanarudi na majembe. Immakulata anaanzisha wimbo kwa Kiha, kanisa zima linaitikia. Kishindo ukutani. Kingine. Vumbi.)

Asanteni! Asanteni sana kwa makofi hayo mazito!