Pasipoti ya Mama Pacha

Jumatatu, 3 Agosti

Zimebaki siku kumi na mbili. Nimekamilisha ratiba ya maandalizi. Kurasa nne, kila kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Jumamosi ya tarehe kumi na tano, saa moja asubuhi, mimi na Mama Pacha tunapanda basi kwenda nchi jirani. Siku saba, hoteli ya kando ya ziwa. Pacha wetu wako shule ya bweni. Tunakwenda wawili tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka mpaka.

Mama Pacha ni mkunga. Miaka sita hajapata likizo. Kila akiomba, ama wodi imefurika, ama mwenzake naye amejifungua. Safari hii amebadilishana zamu na wakunga wawili, na Desemba yote atawafanyia kazi wao. Matroni amemwambia wazi kwamba siku ni hizo. Zikipita zimepita, asije kulia mlangoni kwake.

Kwa hiyo hakuna nafasi ya kukosea. Ndiyo maana nimejiteua mwenyekiti wa maandalizi.

Ratiba nimeibandika jikoni. Mama Pacha ameisoma, akauliza kwa nini yeye ana kazi kumi na saba na mimi nina neno moja tu, "usimamizi". Nikamweleza kuwa usimamizi ni kazi pana. Akacheka mpaka akashika meza. Siku hizi anacheka ovyo. Jana nilimkuta anasugua visigino huku anaimba.

Jumatano, 5 Agosti

Pasipoti zimetoka! Mbili, mpya kabisa. Mama Pacha aliinusa yake, kisha akaenda kuwaonyesha majirani wa pande zote mbili.

Furaha haikufika magharibi. Akaja shemeji yangu, kaka yake Mama Pacha. Mtaani wanamwita Balozi. Amevuka mpaka mara tatu kununua vipuri vya pikipiki, na tangu hapo hajafunga mdomo. Alikuja bila kualikwa na pasipoti yake mfukoni, kama mtu mwingine anavyotembea na leso.

Akazishika zetu kwa vidole viwili. Akasema pasipoti mpya ni kama sare mpya ya shule, kila mtu anajua wewe ni kidato cha kwanza. Afisa wa mpakani akiiona tu, anakuweka kando na kukuhoji saa nzima mbele za watu. Akaitoa yake. Imechakaa, kona zimelika, kurasa zimegeuka rangi ya kahawia. Akasema, "Hii, shem, hata hawaifungui. Wananipigia saluti."

Mama Pacha akamwambia aache kumtisha mume wake. Akasema hivyohivyo, "mume wangu", kama mtu anayemtetea mtoto. Nikaumia zaidi.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimepata ufumbuzi.

Kazi yangu ni steshenari. Kibanda changu kinatazamana na mahakama. Natoa nakala, nachapa barua na maombi, navika vyeti nailoni kwa mashine ya moto. Miaka minne iliyopita kikundi cha maigizo kiliniagiza waraka wa chifu wa zamani. Nilichovya karatasi kwenye chai, nikaianika, nikaikunjakunja. Ilipotoka ilikuwa na umri wa miaka mia mbili. Mzee mmoja ukumbini alisimama kwa heshima waraka ulipopita.

Basi! Kilichomzeesha chifu kitashindwaje na pasipoti?

Hatua ni tatu. Kwanza, msasa laini kwenye kona. Pili, kuikalia kwa saa mbili. Tatu, chai. Niliandika hatua zote kwenye daftari kabla ya kuanza. Na kwa kuwa kazi ya kitaalamu huanza na sampuli, nilianza na ya Mama Pacha. Yangu ni ya kiongozi wa msafara, haifai kwa majaribio.

Msasa, vizuri. Kuikalia, vizuri sana. Kwenye chai, mteja akaja kuchapiwa kiapo. Kiapo kirefu, na mteja mwenyewe analia. Niliporudi pasipoti ilikuwa imekaa kwenye bakuli dakika arobaini badala ya mbili.

Imezeeka. Hilo sibishi.

Ijumaa, 7 Agosti

Mambo si mazuri. Niyaandike kwa mpangilio.

Ukurasa wa picha umevimba. Uso wa Mama Pacha umeteremka upande mmoja, kama mtu aliyeng'olewa jino. Nikasema unyevu hutolewa kwa joto. Nikapiga pasi ya nguo. Picha ikajikunja. Nikasema kilichojikunja hunyooshwa na mashine ya nailoni. Nikaupitisha ukurasa huo kwenye mashine, ukatoka umenyooka kama kioo, unang'aa, hauingii maji tena hata ukitupwa ziwani. Ila sasa kitabu hakifungiki. Na jina linasomeka nusu.

Saa nane nimekwenda ofisi ya uhamiaji. Nikamwambia afisa kuwa pasipoti ya mke wangu imenyeshewa. Akaigeuza. Akainusa. Akaniuliza mvua ya kwetu inanyesha na tangawizi?

Nilikuwa nimesahau. Ile ilikuwa chai yangu ya kunywa, yenye sukari na kila kitu.

Amesema hati ikiharibika, mwenyewe aje, ajaze fomu, aweke saini na alama za vidole. Mpya itatoka baada ya siku kumi na tano za kazi. Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu. Nimehesabu pia kutokea nyuma. Safari ni baada ya siku nane.

Nimeificha kabatini, chini ya mashuka ya akiba. Najuta. Niliporudi sebuleni Mama Pacha alikuwa anajaribu kofia. Akaniuliza inampendeza? Imempendeza mno.

Jumapili, 9 Agosti

Mpango mpya. Mama Pacha aikatae safari kwa hiari yake. Akikataa mwenyewe, pasipoti haitahitajika, na mimi nitakuwa mume anayemsikiliza mkewe.

Asubuhi nilimwambia nimesikia hoteli ile ina mbu. Akasema atabeba chandarua. Mchana nikasema ziwa lenyewe ni maji tu, hata ndoo ina maji. Akasema ndoo haina upepo. Jioni nikasema mgongo unaniuma, sijui kama utaliweza basi. Akanilaza kifudifudi, akanikanda kwa mafuta ya moto kwa mikono ile ya kukandia unga na kupokelea watoto wa watu, akasema mgongo wangu hauna kitu, labda roho.

 Angejua.

Kabla ya kulala aliniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwamba kazini kwake, siku nzima, anatandika vitanda vya wengine. Akirudi anatandika cha kwetu. Hataki mengi huko ng'ambo. Anataka tu atoke kuoga asubuhi, akirudi akute mtu mwingine ametandika kitanda chake. Siku saba mfululizo.

Nilitamani godoro linimeze.

Jumanne, 11 Agosti

Nimekamatwa. Na sisimizi!

Mama Pacha aliona mstari wao ukutani. Wengine wangechukua dawa ya wadudu. Yeye aliufuata mstari, hatua kwa hatua, kama anavyofuatilia homa ya mzazi. Umeanzia dirishani, umepita nyuma ya redio, umeingia kabatini. Akanyanyua shuka la kwanza. La pili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika ratiba.

Aliiweka mezani, sisimizi wakitembea juu ya jalada. Hakupiga kelele. Akasema, "Mficha uchi hazai, Baba Pacha. Haya, sukuma."

Nikasukuma. Nikasema yote. Balozi, msasa, bakuli, kiapo, pasi, mashine. Nilipofika kwenye sampuli akaninyooshea kidole nisimame hapo. Akauliza yangu iko wapi. Nikasema iko salama, kwenye bahasha, ndani ya mfuko, ndani ya sanduku la bati. Akauliza kwa hiyo ulipotaka kujua kama maji yanaunguza, uliweka mkono wangu?

 

Jumatano, 12 Agosti

Tumekwenda wote uhamiaji. Afisa ni yule yule. Alipomwona Mama Pacha alisimama. Kumbe mkunga huyu alimzalisha mke wake watoto wawili! Nikapata tumaini. Afisa akamwomba radhi, akapiga simu mbili mbele yetu, akarudi akitikisa kichwa. Hati hazichapwi hapa. Siku kumi na tano ni zilezile, hata angekuwa mama yake mzazi. Akanitazama, akasema pole sana, dada. Pole ile haikuwa ya pasipoti.

Mama Pacha akajaza fomu, akaweka saini.  Nikajaribu kumbebea mkoba. Akauhamishia bega la pili.

Jumamosi, 15 Agosti

Siku ya safari.

Saa moja kamili basi limeondoka. Nimeisikia honi yake kutoka kituo kikuu, au nimedhani nimeisikia. Jana aliniambia niende peke yangu, yangu si ni nzima? Nikasema siendi bila yeye. Akasema basi nisimzungukezunguke na huruma humu ndani.

Saa mbili alifungua sanduku, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini. Alikunja upya hata zilizokuwa zimekunjwa. Alipofika kwenye gauni jipya la buluu alilishika kwa muda. Kisha akalivaa. Akavaa na kofia. Akatoka barazani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama ukuta wa jirani mpaka saa sita.

Balozi amepita. Alikuwa amekuja kutuaga, akidhani basi ni la mchana, hajapata habari. Akamwona dada yake na kofia, akafungua mdomo acheke. Mama Pacha akamtazama. Balozi akafunga mdomo. Ni mara ya kwanza kumwona akiufunga, na sikufurahia hata kidogo.

Kwa nini sikuanza na yangu? Nimeandika swali hili mara tatu leo kwenye karatasi za pembeni. Sampuli mbovu ingekuwa yangu, yeye angekuwa ndani ya basi saa hizi, dirishani, na kofia yake. Ningekuwa mimi barazani. Ingenitosha.

Jumanne, 18 Agosti

Nimejaribu kufanya lililo ndani ya uwezo wangu. Asubuhi Mama Pacha alipokwenda kuoga, niliingia chumbani nikatandika kitanda. Shuka nimelivuta kona zote nne, nimepima kwa rula linavyoning'inia, sentimita ishirini na mbili kila upande. Taulo nimelikunja umbo la ndege. Nusu saa nzima. Lilitoka kama bata aliyegongwa, lakini bata.

Alisimama mlangoni. Akatazama. Akalinyanyua lile taulo kwa shingo, akauliza huyu amekufa lini. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akacheka kidogo, na kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. Akafuta macho kwa bata. Akaniambia nitoke, anataka kulala. Akalala mpaka saa tisa.

Cha kesho nimekwisha kukitandika kichwani mara kumi. Nitatandika kila siku mpaka likizo iishe. Sitafanya hila tena. Naandika hapa ili iwe ushahidi: sitafanya hila tena.

Jumatatu, 24 Agosti

Likizo imekwisha. Alfajiri Mama Pacha amevaa sare, amefunga viatu, amekwenda kazini. Mlangoni akaniambia ahsante kwa vitanda. Wiki mbili nzima moyo wangu haujapata neno zuri kama hilo.

Lakini nimefikiri. Pasipoti mpya itatoka tarehe mbili Septemba. Hoteli haijahama. Ziwa haliendi popote. Kinachokosekana ni likizo tu! Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi.

Mama Pacha hawezi kuomba tena, matroni alishamwambia. Kwa hiyo nimemwombea mimi. Hii si hila, ni barua. Kuchapa barua ndiyo kazi yangu. Nimeandika kwa jina lake: kwamba mgongo wake umeharibika kabisa, hawezi kusimama wodini wala kuinua mzazi, mikono yake inatetemeka, na anaomba siku kumi za kupumzika kuanzia tarehe saba. Saini nimeifuata kutoka nakala ya ile fomu ya uhamiaji. Imelingana mpaka mkia wa herufi ya mwisho. Nilimkabidhi mlinzi wa lango la hospitali tangu Ijumaa, iwe mezani kwa matroni leo asubuhi. Sijamwambia Mama Pacha. Itakuwa zawadi.

Saa tano amepiga simu kutoka kazini. Sauti ndogo. Amesema matroni amemtoa wodi ya wazazi mbele ya wenzake na kumkalisha chumba cha kadi za wagonjwa, eti asishike mtoto wa mtu mpaka jopo la madaktari limpime mikono. Anasema haelewi habari hizo zimetoka wapi, na matroni hakumpa nafasi ya kuuliza. Miaka kumi na tisa hajaangusha mtoto hata mmoja.

Habari njema! Barua imefika, na imesomwa kwa makini.

Kilichobaki ni jopo. Watataka maelezo ya daktari wake, na nimekwisha kuyaanza. Kazi nyepesi. Mwandiko wa daktari hausomeki, hivyo hata nikikosea hakuna atakayegundua.