Herufi Kubwa ya Shimo Langu

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamka na hasira. Kijiji kinaandika ubao wa ramani ya njia ya wageni, ule utakaosimama mbele ya kanisa. Shimo la jirani yangu Bogdan limeandikwa Volkovnik, V kubwa kama mlango wa ghala. Langu, pana kuliko lake, limeandikwa "dolina" tu. Kwa d ndogo! Kama unavyoandika "dumu". Na Mwalimu Ljudmila, mstaafu aliyepewa kazi ya ubao, anasema njia itapita tu kwenye mashimo yenye jina. Yaliyobaki yatawekewa nukta.

Mimi nukta! Mimi Evgen, niliyewahi kumwangusha fahali kwa chafya! Miaka kumi sasa sina msikilizaji. Mke wangu Justina hadithi zangu anazijua zote, huzimalizia mwenyewe huku anamenya viazi. Nataka wageni. Wapite, wachoke, wakae kwenye benchi langu, wasikilize.

Jumanne, 7 Mei

Nimemwendea Mwalimu na chupa ya divai. Chupa ameipokea, hoja ameikataa. Dolina ni aina ya shimo, akasema: maji yamekula mawe ya chokaa, ardhi ikadidimia. Yako maelfu. Herufi kubwa ni ya kitu kimoja chenye jina lake.

Nikamuuliza, je, Kras, uwanda wetu huu? Kubwa, akasema, maana ni mahali. Lakini wataalamu walilichukua neno hilohilo wakaita kila ardhi ya namna hii duniani, na huko ni ndogo. Hata China kuna kras! Basi wametuibia jina na kulikata kichwa! Nikataka kujua lilikatwa lini, na nani, na kama kuna aliyelia. Akasema, Evgen, kunywa.

Kisha akafungua kitabu. Kreda, zama ambazo mawe yetu yaliumbika chini ya bahari, makumi ya mamilioni ya miaka: herufi ndogo. Piki, mbwa wa Bogdan, miaka mitatu, viroboto tele: herufi kubwa!

Nimerudi nikiwaza. Jiwe linajali? Nimelishika moja la ukutani, lina kombe la bahari ndani yake. Nimeliita Kreda kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti nene. Sikuona tofauti.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango! Nimepaka rangi ubao wangu mwenyewe na kuusimika ukingoni mwa shimo: DOLINA YA EVGEN. Herufi zote kubwa, hakuna iliyodhulumiwa.

Mwalimu kapita na baiskeli. Kasema anayeandika zote kubwa hajulikani ametaja jina au anapiga kelele tu. Bogdan kapita na Piki. Kauliza kama nimeshazikwa humo, apeleke rambirambi. Piki kainua mguu. Rangi ilikuwa bado mbichi. E imefutika.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemvizia Mwalimu nje ya kanisa. Safari hii nilitaka kujua kwa dhati: jina hutolewa na nani? Serikali? Padri? Akasema watu. Jina ni lile wanalolitaja wewe ukiwa hupo, na kila mmoja akajua ni wapi. Basi Jumatatu atapita nyumba zote ishirini na mbili kuuliza shimo langu linaitwaje. Wakitaja jina moja, ataliandika kwa herufi kubwa. Nikamwapisha, na mimi nikaapa kulipokea. Mbele ya padri!

Mchana nimepita mlango kwa mlango kuwafundisha watu: semeni Dolina ya Evgen. Bibi Pepca kanikatia nyama ya paja iliyokaushwa, kasema sawa mwanangu, tutasema tunavyosema, akacheka mpaka akapaliwa. Dalili njema.

Jumatatu, 13 Mei

Mwalimu kazunguka. Justina kanifungia zizini nisije nikachungulia. Jioni Mwalimu kaja anafuta machozi. Nyumba ishirini na mbili, jibu moja, hakuna aliyesita! Hata Volkovnik, kasema, kuna wawili waliolisahau. Jina lenyewe nitaliona Jumamosi, ubao ukizinduliwa.

Justina anacheka peke yake jikoni. Nimemuuliza kulikoni. Viazi vinachekesha, kasema.

Jumamosi, 18 Mei

Shuka iliyofunika ubao imevutwa mbele ya kijiji kizima. Dolina ya Mwongo. D kubwa. M kubwa. Na mshale mpaka mlangoni kwangu.

Nikasema sikubali. Mwalimu akanikumbusha kiapo. Padri akawa anatazama mnara. Bogdan akanishika bega kwa upole: "Kwani hukujua, kaka? Tunaliita hivyo tangu siku uliyotuambia halina mwisho. Ukashusha kamba kutuonyesha, tukamsikia Justina akipalilia huko chini, 'Wee Evgen, kabichi zangu!'"

Kijiji kizima kiliinama kwa kicheko. Justina aliinama zaidi ya wote.

Nimeondoka bila kuonja keki. Nimekaa benchini peke yangu, nimejishika kichwa. Halafu nikahesabu. Volkovnik: herufi kubwa moja. Mimi: mbili!

Jumapili, 19 Mei

Wageni sita! Kutoka mji wa Maribor, na viatu vya milimani! Wamekaa benchini, wakauliza huyo Mwongo alikuwa nani. Swali zuri sana. Nimewaambia alikuwa mpima ardhi wa enzi tulipotawaliwa na Austria, aliyethubutu kudai kuwa shimo hili lina mwisho.

Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Nikaendelea. Nilipofika kwa dubu niliyemnyonga humo kwa mkanda wa suruali, mama mmoja mwenye miwani akatoa daftari. Nikachungulia. Ameandika "dubu". Kwa d ndogo! Nikamwambia, mama, dubu wako maelfu, lakini yule alikuwa mmoja tu, tena ana jina lake. Afute.

Akafuta. Akauliza, basi aliitwa nani?

Nikasema Bogdan.