Mfuniko wa Nyuma wa Gemu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeua gemu ya mama mkwe.

Aliondoka saa tatu asubuhi kwenda kwa dada yake, atarudi Jumapili. Aliacha maneno mawili mbele ya wote. La kwanza: akirudi, chumba cha mbele atampa mtu mmoja. Mimi nataka kufungua saluni ya kinyozi. Shemeji, kaka wa mke wangu, anataka studio ya picha. Atampa yule anayejua kutunza cha mwenzake. La pili: gemu yake asiiguse mtu.

Saa nne nilikuwa nimeshaigusa.

Ni kile kigemu cha mkononi, matofali yanadondoka, wewe unayapanga. Rekodi yake ni 41,260, aliiweka wakati goti limemlaza kitandani. Nilitaka dakika kumi tu. Nilikuwa nafua huku nacheza. Kwa pamoja, ndiyo, muda ni mali. Nikafika 38,000. Vidole vina sabuni. Chubwi, ndani ya beseni.

Nilibaki mdomo wazi mpaka povu likaisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeizika kwenye kopo la mchele. Kila mtu husema mchele hunyonya maji.

Jioni mke wangu akaja kupima mchele wa kupika. Nilikuwa mlangoni, nikakosa hata pa kukimbilia. Akachota, akaivuta gemu kwa kikamba chake, akaitazama mbele na nyuma. Akairudisha. Akafunika kopo. Akatulia kama maji mtungini.

Nimeoa mwanamke wa ajabu. Nimeshtuka kuliko kama angepiga kelele.

Gemu haijawaka. Kitufe cha kushoto kimetoa punje moja ya mchele.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata fundi karibu na duka la dawa. Anatengeneza simu, redio, chochote chenye skrubu. Kibanda kinavuja, amekinga ndoo mbili katikati ya kazi. Nikamwambia gemu ni ya rafiki na imepata ubaridi kidogo.

Akaigeuza mara moja tu, akasema, ah, mgonjwa wangu huyu karudi.

Nikauliza karudi vipi. Akafungua skrubu nne, akang'oa mfuniko wa nyuma, akanionyesha upande wa ndani. Macho yalinitoka pima. Kumeandikwa kwa kalamu nyembamba, mwandiko safi kabisa:

Baba mwenye nyumba. Aliikalia.
Binti. Uji.
Kaka wa binti. Ilianguka ngazini.

Baba mkwe! Mzee ambaye hata rimoti haigusi bila kunawa. Na mke wangu, na uji! Sasa nimeelewa habari ya kopo la mchele. Nilikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

Fundi akaeleza kuwa ndivyo alivyofundishwa: kila mashine iandikwe ndani nani kaileta na inaumwa nini, ili atakayeifungua kesho asianze kubahatisha. Akauliza mimi ni nani kwa mwenye gemu. Kwa mshtuko nikasema kweli. Akaandika: Mkwe. Maji ya sabuni.

Alijuaje sabuni? Alinusa.

Alhamisi, 6 Machi

Imepona! Alisugua saketi kwa spiriti na mswaki wa zamani, akabadilisha waya mmoja uliooza. Rekodi ipo, 41,260. Nusura nimkumbatie.

Nikiwa njiani akili ikanijia. Kwa nini nirudishe gemu kimya kimya kama wenzangu, wakati ushahidi ninao mkononi? Jumapili nafungua mfuniko mbele ya mama mkwe. Shemeji anaumbuka. Chumba changu. Kioo kikubwa cha kinyozi kiko chini ya kitanda tangu mwezi uliopita, kimechoka kulala.

Kikwazo ni mstari wa nne.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kwa fundi kumwomba afute mstari wangu. Wangu tu. Akasema cheti cha mgonjwa hakifutwi. Nikambembeleza. Nikamwambia nina watoto. Sina.

Akaingia na gemu nyuma ya pazia. Baada ya dakika tano akaileta, skrubu zimekazwa, akasema tayari.

Sikukagua. Bisibisi sina, na fundi ni mtu wa kuaminiwa.

Jumapili, 9 Machi

Siamini. Naandika huku siamini.

Mama mkwe alirudi mchana. Tulikaa wote mezani. Nikasimama, nikatoa bisibisi ya kuazima, nikasema mficha maradhi kifo humuumbua. Shemeji akaacha kutafuna. Baba mkwe akapata kikohozi. Mke wangu alinitazama akitikisa kichwa polepole, nikadhani ananiunga mkono.

Nikafungua. Nikamkabidhi mama mkwe mfuniko bila hata kuutazama, kwa adabu, mikono miwili.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kuanzia juu. Baba mwenye nyumba, aliikalia. Binti, uji. Kaka wa binti, ngazini. Hapo nikatabasamu. Akaendelea: Mkwe, maji ya sabuni.

Na haikuishia hapo. Mstari wa tano, wino mpya:

Mkwe tena. Ameomba nifute wa juu. Mashine haina tatizo.

Mama mkwe akavua miwani, akauliza huyu fundi anafanyia kazi wapi. Nikasema kwenye kibanda kinachovuja. Akasema katika nyumba nzima hii, anayejua kutunza cha mwenzake ni mtu mmoja, naye si wa nyumba hii. Akaomba namba yake. Namba ninayo mimi. Nikaitoa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Chumba cha mbele ni cha fundi.

Shemeji ameninunia. Baba mkwe ameninunia. Mke wangu amesema angenionya, ila alitaka kuona nitafika wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amehamia asubuhi. Meza yake imekaa palepale nilipopapimia kioo changu. Ametusalimia wote kwa heshima, kila mtu akaangalia chini.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina na nimepata somo kubwa. Kuwa na fundi ndani ya nyumba ni bahati.

Mama mkwe yuko dukani. Gemu iko kwenye kabati, na mara ile nilibakiza alama elfu tatu na kitu tu kuivunja rekodi yake. Akiona nimeivunja, ataniheshimu, hilo halina ubishi. Nguo nimeshaziloweka. Safari hii nimechukua tahadhari: beseni nimelisogeza mbali, hatua mbili nzima.