Meno Yangu na Lulu za Mji Mzima

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Siku ilianza vizuri, ikaharibikia mezani. Mwanyumba, yule bwana aliyemwoa dada wa mke wangu, alipita mchana kula bila taarifa, kama kawaida yake. Akatangaza kwamba mkewe atavaa mkufu wa lulu Jumamosi kwenye harusi ya binti yangu. Binti YANGU! Lulu halisi, akasema, za yule sonara mkubwa wa jirani na benki. Akajipangusa mdomo na kuomba maji.

Mdomo wangu ukatangulia. Nikasema mimi nimeshamwagizia mke wangu tangu mwezi uliopita.

Sijaagiza hata kifungo. Mke wangu aliinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele, akanitazama, akaendelea kupepeta. Huyu mwanamke akinyamaza husikika nyumba nzima.

Ukweli niuandike hapa, maana shajara haina mdomo. Miaka thelathini iliyopita, siku ya harusi yetu, nilimvisha lulu. Zilikuwa plastiki, na nilijua. Mvua ikanyesha, rangi ikaambuka, na kwenye picha iliyoko sebuleni shingo ya bibi harusi ina magamba kama ya samaki. Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu! Safari hii atavaa lulu za kweli, iwe isiwe. Zimebaki siku tano.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Kazini posta, kaunta ya vifurushi. Mwenzangu wa kaunta, tunayemwita Bi Mihuri kwa jinsi anavyoigonga, anajua kila kitu na huna haja ya kumwomba mara mbili. Nilimwuliza kijanjajanja, nikasingizia kwamba kuna mteja anataka kujua. Akasema lulu inasuguliwa taratibu kwenye meno ya mbele. Ya kweli hukwaruza kidogo, kama mchanga laini. Ya bandia huteleza.

Kumbe rahisi hivyo! Na meno ninayo. Tena mapya! Safu nzima ya juu, daktari wa meno alinitengenezea mwezi wa tatu, meupe, yamenyooka, hata mwenyewe nasahau kwamba hulala kwenye glasi. Mwanyumba ana pengo mbele. Atapimia nini?

Nimepiga mluzi mpaka saa ya kufunga.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Saa ya chakula nikaenda kwa sonara wa jirani na benki. Mzee mpole, miwani imening'inia kwa kamba. Alinitandikia kitambaa cheusi, akalaza mkufu juu yake, akaanza kueleza. Akaeleza weee! Kwamba nitazame fundo dogo kati ya lulu na lulu, ili uzi ukikatika zisimwagike zote. Kwamba lulu za kweli hazilingani sawasawa, kila moja ina sura yake. Kwamba ukizishika huwa za baridi kwanza, kisha zinapata joto la mkono. Kwamba kuna risiti na cheti, na nikighairi ndani ya siku saba nirudishe. Nikawaza, mwenye mali nzuri ana haja gani ya kusema yote haya?

Nikainama ghafla, nikasugua.

Ikateleza kama sabuni!

Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa sauti, kwamba lulu zake ni za bandia. Wateja wawili wakageuka. Mzee hakukasirika. Aliipangusa lulu kwa kitambaa, akaniuliza kama ninajisikia vizuri.

Nilitoka kichwa juu. Halafu nikakumbuka: Mwanyumba kanunua hapohapo! Mkewe atavaa bandia mbele ya ukoo mzima! Leo nimeongeza chakula mara mbili.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Maduka matatu. Hakuna hata lulu moja iliyokwaruza. La kwanza ni la mama mmoja nyuma ya duka la dawa. Alinipokonya mkufu kabla sijafika jino la pili. La pili nilionyeshwa mlango. La tatu, sijafungua hata kinywa, dada wa mauzo aliniuliza kama mimi ndiye yule baba wa meno. Wanapigiana simu! Lao moja!

Mji mzima hauna lulu. Niliwaonea huruma wanawake wote niliopishana nao njiani.

Nikarudi kazini nimenywea. Kwenye ngazi za posta nikamkuta mchuuzi ametandaza gunia: betri, vitana, soli za viatu, na mkufu mmoja wa lulu. Lulu zote sawa kabisa, hazipishani hata unywele. Wala hapakuwa na mafundo ya kupoteza uzi bure. Magari yalikuwa yanapita na kututimulia vumbi. Nikasugua. Krrr! Nilisikia mpaka kwenye ufizi! Mchanga wenyewe! Nilipoulizia risiti, mchuuzi akacheka. Huyo ndiye mtu anayejiamini na mali yake.

Nimeupima mkufu kwenye mizani ya vifurushi. Mshale haukutikisika. Mwepesi ajabu, kazi ya hali ya juu. Bi Mihuri alinitazama, akagonga muhuri kwa nguvu kuliko kawaida.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nilimpa mke wangu asubuhi kabla ya chai. Akauinua mkufu kwenye mwanga wa dirisha. Akaupangusa kwa ncha ya nguo, ikatoka vumbi jekundu. Akaisugua lulu moja kwenye meno yake, ambayo anayo yote thelathini na mawili tangu ujana. Kisha akauliza nilipimia meno gani. Nikasema haya haya. Akauliza, ya juu au ya chini. Ya juu, nikajibu, si ndiyo mazuri?

Akaketi kitandani, akajifunika uso. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka binti yetu akaja mbio na rola za nywele kichwani, akiuliza kuna nini.

Alipopata pumzi akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba meno ya kutengenezwa hayahisi kitu, na kwamba nilichokisikia ufizini ni vumbi la barabara. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaungama yote, hata lile la miaka thelathini. Akasema lile alilijua. Alizisugua ndani ya gari siku ileile, kabla hajaingia ukumbini. Zikateleza. Akashuka, akaja kuketi kando yangu. Akasema siku ile hakuwa amefuata mkufu.

Nilikunywa chai bila sukari na sikugundua.

Mchana tukaenda wote kwa sonara. Nilimwomba mzee radhi. Akasema miaka yote dukani ameona mengi, ila hilo lilikuwa jipya. Nikawekwa kwenye kiti cha mlangoni. Mke wangu alikagua mafundo, akazishika lulu mpaka zikapata joto, akasugua moja, mara moja tu, akaitikia kwa kichwa. Akachagua mkufu mfupi wa uzi mmoja. Risiti ipo, cheti kipo. Akiba yangu ya pikipiki haipo. Sijutii hata kidogo.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Harusi! Wakati wa kupiga picha mvua ikashuka, kama ile ya kwetu. Watu wakatimua mbio. Mke wangu hakukimbia. Alisimama palepale, ananitazama mimi, maji yanamtiririka shingoni, na lulu zikabaki lulu. Nikalia mbele ya wakwe. Nikasingizia uchungu wa kumwoza binti.

Mkufu wa mke wa Mwanyumba nao ni wa kweli. Hilo ndilo lililonikera, basi.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nyumba imetulia. Mke wangu amehifadhi mkufu kwenye kopo la biskuti. Nikachungulia. Chini kabisa, ndani ya karatasi laini, zimo zile plastiki za miaka thelathini, zimeambuka zote. Amezitunza! Nilikaa na lile kopo mapajani muda mrefu. Mimi ni mtu mwenye bahati. Nimeapa kutofanya tena ujinga.

Mchana Mwanyumba akaja kumalizia vyakula vya harusi. Akasema anafikiria kumnunulia mkewe bangili ya dhahabu.

Nikasema mimi nimeshaagiza.

Mke wangu akainua uso kutoka kwenye ungo.

Hakuna tatizo. Bi Mihuri aliwahi kuniambia kwamba dhahabu hupimwa kwa kuing'ata. Kung'ata hakutaki hisia, kunataka meno magumu, na haya yangu daktari ameyadhamini miaka mitano.