Kaidi Iliishia Wapi?

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe kauliza leo mbele ya ukoo mzima: Kaidi iliishia wapi? Ndiyo tagi aliyokuwa nahodha wake, boti ya kuvuta meli kubwa hadi gatini. Siku hizi macho yamefifia, dunia anaipapasa kwa mikono. Hataki kufa bila kujua kama ilizama au ilikatwa vyuma chakavu. Nikaapa nitajua mimi. Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, naye akaapa. Kidomodomo! Yeye baba mkwe humwita “mwanangu”. Mimi huniita “yule”. Siku ya harusi gari nililomkodia lilizima njiani, akalisukuma na suti yake. Tangu hapo hajakanyaga kwangu. Safari hii atakanyaga.

Jumanne, 5 Machi
Nimempata fundi aliyeitunza injini ya Kaidi. Nilijifanya mwandishi wa habari. Akacheka, akasema ananijua vizuri, ndimi niliyemuuzia pampu isiyopandisha maji. Hata hivyo akasimulia. Kumbe Kaidi iliwahi kuivuta meli inayowaka moto, ikaitoa bandarini huku rangi yake yenyewe ikibabuka! Uzeeni ikaburuta matishari, mashua bapa za kubebea mchanga. Kisha ikatelekezwa nyuma ya ghala la samaki, watoto wakawa wanajirusha majini kutoka paani pake. Nikauliza mpaka chai ikapoa. Halafu ikawaje? Siku moja watu wakaangalia, haipo. Haipo vipi, chombo kizima? Roho haitulii.

Alhamisi, 7 Machi
Yadi ya vyuma chakavu. Nimechelewa! Nilimkuta mwanyumba anatoka na usukani wa mbao, mkubwa, mzuri. Eti ni wa boti ya uvuvi, anapamba sebule. Ananiona mtoto! Nikauma ulimi, nikamwomba tubadilishane. Akataka geti langu, kwake bado pako wazi. Geti lenyewe la mtumba, lina kiraka kama soli ya kiatu, majirani wamenicheka mpaka wamechoka. Nikajitia kusikitika kidogo, nikakubali. Wajinga ndio waliwao! Jioni limeng'olewa. Mke wangu anauliza tutafunga na nini. Nimeziba na kitanda cha wageni.

Jumamosi, 9 Machi
Nimempelekea baba mkwe usukani, umefunikwa shuka. Akaupapasa. Akaunusa. Akasema usukani wa Kaidi ulikuwa wa chuma, na huu unanuka samaki. Kisha akamuuliza mke wangu kama “yule” ameshakula. Chakula gani tena!

Jumapili, 10 Machi
Nimerudi yadi nikiwaka. Mchomeleaji akashangaa: mbona hatukumuuliza yeye? Kaidi aliikata kwa mkono wake. Injini iliyeyushwa, vyuma vya ubavuni vikawa mageti. Moja lina kiraka, pale Kaidi ilipotobolewa na nanga ya meli. Kiraka cha namna gani? Kama soli ya kiatu. Nikakaa chini, juu ya oili.

Mbio hadi kwa mwanyumba! Nimechelewa tena. Baba mkwe alikuwa amealikwa chakula. Nikamkuta kasimama getini, kiganja juu ya kiraka, analia. Alikichomelea mwenyewe, vidole havijasahau. Mwanyumba katoa macho tu, haelewi kitu. Nami machozi yakanitoka. Nikaropoka yote, hata habari ya kubadilishana. Baba mkwe akauliza, kumbe miaka yote hii Kaidi ilikuwa kwako? Nikaitika. Akasema, basi nipeleke nikaone ilipokuwa inakaa, mwanangu.

Mwanangu!

Jumatatu, 11 Machi
Baba mkwe amekanyaga kwangu! Tulimvusha juu ya kitanda. Akapapasa nguzo mbili za geti lisilokuwepo, akaomba kiti papo hapo, akanywa chai. Anasema moyo umetua: Kaidi haikuzama, ilikuwa inawalinda wajukuu zake. Mwanyumba ameahidi kulirudisha geti, na sharti kaweka moja tu, nibaki na usukani wangu. Muungwana, lazima nikiri. Nikamwapia mke wangu: ujanja basi, kuanzia leo mimi na ukweli.

Wakati wa kuaga, baba mkwe akanishika mkono. Na honi ya Kaidi je, mwanangu? Sauti ile angeijua hata usingizini. Nikamjibu hapo hapo: ninayo, iko stoo, Jumamosi utaisikia.

Kesho mapema naenda kwa fundi wa malori.