Jino la Kaimu

Jumatatu, 3 Machi

Haya, umefungua daftari. Umekuja lini? Umekaa huko mpaka kiti chako kimeshika vumbi, simu hupigi, halafu unaingia moja kwa moja kupekua maandishi ya bibi yako! Wewe ndiye uliyenifundisha herufi hapa jikoni, mimi ambaye shule sikuijua hata mlango. Sasa soma. Soma uone aibu.

Kaimu hali chakula. Siku ya pili hii. Shavu limevimba kama kaficha limau. Paka huyu alipanda kiti cha babu yako siku ileile tuliyotoka kumzika, akajikunja, nami nikamwachia cheo. Akiondoka naye, asubuhi nitagombana na nani?

Nimemwita bwana mifugo. Akaja na mabuti. Akauliza huyu anatoa maziwa lita ngapi. Nimemfukuza.

Jumanne, 4 Machi

Ni jino limeoza. Fundi viatu amejitolea kuling'oa kwa koleo, bure. Kaimu akamng'ata kidole. Sasa fundi ndiye anayetafuta daktari, na anataka nilipe mimi. Hana haya!

Nimekwenda kuuliza zahanati ya wanyama, mtaa wa pili. Bei waliyotaja! Nikamwuliza dada wa mapokezi kama hilo jino wanalitoa au wanalinunua.

Jumatano, 5 Machi

Jirani yangu, Mama Marashi, amepita na mbwa wake Jemadari kunitambia. Eti amemlipia matibabu ya mwaka mzima, kila kitu kimo. Eti mwenye akili hupanga kabla ya ugonjwa. Akanitazama mimi, akamtazama Kaimu, akakunja pua.

Kadi ya matibabu ya Jemadari, ya zahanati ileile, inaning'inia kwenye msumari, nyuma ya mlango wake. Mlango wenyewe haufungwi. Nasema tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda! Kaimu kapuni, kadi mkononi. Dada wa mapokezi akasoma kadi, akachungulia kapu, akasema bibi, hapa pameandikwa mbwa. Nikamwambia ugonjwa umemla, mwanangu, hujui tu alivyokuwa.

Daktari, mama mpole mwenye miwani, naye akachungulia. Hakucheka hata kidogo. Akasema vizuri, bibi, Jemadari tulikuwa tunamsubiri, leo ndiyo siku yake ya kuhasiwa. Akavaa glavu.

Kaimu akanitazama. Nikasema, daktari, Jemadari ameghairi.

Zahanati nzima ikaangua kicheko, mpaka kasuku wa mtu. Mimi machozi yakanitoka, na si ya kucheka. Nikamwaga ukweli wote: kiti, babu yako, shavu. Daktari akavua glavu, akanishika mkono. Akasema jino litatoka leo, nami nilipe kidogo kidogo kila wiki, na nikimaliza niendelee kuweka hivyohivyo, ili ugonjwa ujao usinikute nikiiba kadi za watu. Tena aliye kwenye mpango huo, jino la pili hung'olewa kwa nusu bei. Nimekubali. Nimeapa kubadilika.

Jumamosi, 8 Machi

Kaimu amemaliza samaki mzima, kichwa mpaka mkia, kisha huyoo, kitini. Nimeimba mpaka koo limekauka.

Mama Marashi amegundua. Matusi hayo! Adhabu yangu: nimpeleke Jemadari mwenyewe kuhasiwa. Nimeburutwa mtaa mzima, kandambili moja imebaki mtaroni. Mbwa yule anajua anakopelekwa.

Jumatatu, 10 Machi

Gego langu la kushoto limeniamsha. Daktari wa meno ya watu ametaja bei, nikamwuliza naye kama analitoa au analinunua. Nimerudi, nimekaa kitako, nimefikiri. Jino la pili. Nusu bei. Na hakuna aliyesema ni jino la nani.

Ukija mara nyingine, uje na kapu kubwa, lenye mfuniko, na mtu wa kukusaidia kulibeba. Dada wa mapokezi akichungulia, mwambie mimi ni paka. Ugonjwa umenivimbisha.