Idara Inayokataa Kunifuata

Jumatatu, tarehe 9

Leo nimetikisa Bunge! Asubuhi Mkuu wa Idara ya Ujasusi aliiapia kamati yetu kwamba Idara haijawahi kumfuatilia mbunge hata mmoja. Alasiri nikasimama ukumbini, koti limepigwa pasi mara mbili, nikasema peupe: Idara imetudanganya, na shahidi ni mimi, maana wiki ya tatu sasa nafuatwa na mtu mwenye kofia ya kijivu. Meza zikapigwa! Mama Faili, mbunge wa kiti cha jirani, yule asomaye kila karatasi hadi tanbihi, akanivuta koti. Eti nikae, ana ushahidi anaoukusanya, nisimharibie. Wivu tu.

Spika kanipa hadi Alhamisi saa sita. Nithibitishe, au nifute kauli na kuomba radhi, la sivyo natolewa kwenye kamati. Kamati niliyoisotea miaka saba! Kufuta kauli? Mimi? Thubutu!

Mama watoto kauliza wanifuate wapi, mtu mwenyewe nalala saa mbili.

Jumanne, tarehe 10

Mtego tayari. Nimepiga simu dirisha wazi, sauti ya juu: kesho saa kumi nakutana mgahawani na mtu mwenye nyaraka nzito. Upande wa pili wa simu hakuna mtu. Akili hizo! Dobi wa ng'ambo ya barabara kauliza nyaraka gani. Naye namtilia shaka.

Jumatano, tarehe 11

Nimemnasa! Kofia ya kijivu, meza ya kona, uso nyuma ya gazeti. Nikaagiza chai, nikatia sukari vijiko vitano nitulize moyo. Kofia ikaandika kitu. Nikaruka, nikampokonya gazeti, nikapaza sauti wananchi washuhudie. Wakashuhudia. Alikuwa shemeji.

Lahaula! Kumbe katumwa na dada yake, mama watoto, tangu daktari anikataze sukari. Daftari zima ni vijiko. Wa kulaumiwa ni mimi, eti. Mama watoto kaninunia, na ile methali ya debe tupu haliachi kuvuma kanisomea mara mbili.

Sasa ushahidi sina. Kesho saa sita. Naogopa, naandika hapa tu.

Alhamisi, tarehe 12

Saa sita kasorobo nilikuwa nimesimama kuomba radhi. Mama Faili akaomba nafasi. Akaweka mezani waraka wa Idara yenyewe, wenye muhuri, alioufukuzia kwa barua miezi minne: wabunge kumi na mmoja waliofuatiliwa mwaka mzima. Yeye wa tatu. Spika kaagiza Mkuu wa Idara arudishwe mbele ya kamati aeleze kwa nini aliapa uongo. Si nilisema! Meza zikapigwa, nikainamisha kichwa kupokea heshima, ingawa wengi walimtazama Mama Faili. Kamati yangu salama!

Nikamwomba waraka nione mimi ni wa ngapi. Akasita. Akasema, kaka yangu, si lazima usome. Nikasoma. Simo. Nikarudia hadi tanbihi. Huko ndiko niliko, mstari mmoja: huyu asifuatiliwe, kila alijualo hulitangaza mwenyewe.

Sikula chakula cha jioni. Imeniuma, sifichi.

Ijumaa, tarehe 13

Nimeamka na jibu. Walioapa uongo Jumatatu, waraka wao utakuwaje kweli? Mtu wa hadhi yangu asifuatwe? Leo nikasimama, koti limepigwa pasi mara tatu, nikatamka: orodha nayo ni uongo, kuna mbunge mzito wamemficha makusudi! Mama Faili akajishika kichwa. Spika kanipa hadi Jumanne nithibitishe.

Mtego mpya tayari. Nimeshapiga simu, dirisha wazi. Dobi kauliza, mheshimiwa, safari hii saa ngapi? Nimemjibu kwa ukali kwamba hiyo ni siri. Saa kumi.